Mtaro wa Krijn na Maharage ya Pieternella

Krijn Maljaars alikuwa na mke, binti, baiskeli mbili na mtaro. Ukimuuliza habari za nyumbani, alianza na mtaro.

Sisi wa Koudedijk hatukumshangaa sana. Kijiji chetu kiko kisiwani, chini ya usawa wa bahari, nyuma ya tuta la udongo, na kila mwenye kiwanja ana mtaro wake wa kutolea maji. Majani yakishapukutika, Bodi ya Maji hutuma wakaguzi, na aliyeacha mtaro wake ukajaa matete huchomekewa kigingi chekundu mbele ya nyumba ili kila mpita njia akione. Hapa watu wanasameheana mengi. Mtu anaweza kutoroka na mke wa mchungaji akarudi, akakaribishwa kahawa. Lakini kigingi chekundu kitatajwa mpaka siku ya maziko yako, na huenda mchungaji mwenyewe ndiye atakayekitaja.

Kwa hiyo wote tunasafisha mitaro. Krijn yeye alizidisha. Alifyeka matete, akazoa tope, akasugua kingo kwa ufagio, kisha akachimba kidogo kwenda chini. "Nusu sepeto tu," alisema, "kwa afya ya mtaro." Kila mwaka nusu sepeto. Alipostaafu gereji ya matrekta akawa na muda wa kuchimba hata siku zisizo za ukaguzi, na mwisho mtaro ule ulikuwa na kina ambacho paka wa jirani alipotumbukia ilibidi iletwe ngazi. Wakaguzi walikuwa wakija na kamera. Marinus Minderhoud, mkaguzi wetu wa tangu zamani, alikuwa na picha ya mtaro wa Krijn sebuleni kwake, karibu na ya wajukuu.

Pieternella, mkewe, alijua mapema ameolewa na mtu wa namna gani. Fungate yao Krijn alimpeleka kutazama kituo cha kusukuma maji. Walikaa siku nzima. Kwenye arusi ya binti yao Krijn alivaa suti nzuri ya kijivu na gambuti, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na alitaka kupita kwanza kuangalia maji yamefika wapi. Picha zote za arusi zimekatwa magotini.

Pieternella mwenyewe alikuwa mwanamke wa maneno machache na maharage mengi. Maharage ya kahawia, mbegu ya mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake. Aliyapanda kwenye kipande cha ardhi kati ya nyumba na mtaro, akavuna, akatenga ya kupanda, yaliyobaki wakala majira yote ya baridi. Sasa maharage ni mmea wa kudeka. Viazi vitavumilia chumvi kidogo ardhini, viazisukari hata havijali, lakini harage likionja chumvi linakunja majani na kufa kwa hasira. Na maharage ya Pieternella yalikuwa yameanza kufa. Mwaka juzi ilikufa safu iliyo karibu na mtaro. Mwaka jana zilikufa tatu. Majira ya kuchipua yalipofika alikuwa amebakiwa na mbegu za kujaza kikombe cha chai, akazipanda zote.

"Haya yakifa hakuna mengine," alimwambia Krijn huku akijifuta udongo mikononi. "Na mimi sibaki hapa kutazama bustani ya vijiti. Tutahamia kwa Maaike."

Maaike ndiye binti yao. Alikuwa akiishi Apeldoorn, na alishawapatia fleti ghorofa ya tano inayotazama msitu.

Krijn aliwahi kwenda Apeldoorn mara moja. Kule ni juu, ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inatoweka bila hata kuaga. Alitafuta mtaro wikiendi nzima. Alichoambulia ni chemchemi ya mapambo mbele ya maduka, akamwendea mlinzi kumweleza kwamba maji yako juu mno na kuna siku atajuta. Mlinzi alimshukuru, akamsindikiza kwa macho mpaka akapanda basi. Kwa hiyo Pieternella aliposema Apeldoorn, Krijn aliogopa. Sisemi alisikitika. Aliogopa kama mtoto anayeambiwa anapelekwa bwenini.

Mwezi wa sita majani ya maharage yakaanza kuungua pembeni. Krijn akapiga magoti, akachota udongo, akaulamba. Kisha akaulamba tena ili awe na uhakika.

"Chumvi," alisema. "Kuna mtu anatia chumvi."

Na kama kuna mtu, basi alikuwa Leuntje Wisse. Leuntje ni jirani wa upande wa pili wa uzio, mjane mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka kanisani. Mtaro wake ulikuwa aibu ya mtaa: matete, magugu maji, vyura, na katikati mlango wa kabati la zamani aliouzamisha ili kuzuia maji, bata wake wapate pa kuogelea. Vigingi vyekundu alivyochomekewa alivitumia kuegemezea nyanya. Zaidi ya hayo, Leuntje bado alihifadhi maharage mabichi kwenye vyungu vya chumvi kama bibi zetu, na mwezi wa sita ndipo huosha vyungu. Krijn alijumlisha moja na moja akapata kumi na saba.

Akaenda kukaa katikati ya maharage kwenye kiti cha kukunja, mwavuli kichwani na chupa ya kahawa mapajani, akilinda. Pieternella alipomuuliza anafanya nini alisema anapumzika. Mtu anayepumzika hajifichi nyuma ya maharage yanayomfika kwenye kifundo cha mguu, lakini Pieternella alirudi zake jikoni.

Siku ya pili mchana Leuntje akatoka na ndoo, akaimwaga mtaroni. Krijn aliruka uzio kwa umri ule, gambuti moja ikabaki upande wa pili.

"Nimekukamata!" alipaza sauti. "Usiguse hiyo ndoo! Ndoo ni ushahidi!"

"Ushahidi wa nini, mwanamume wewe?"

Krijn alichovya kidole kwenye masalia ya maji, akakiingiza mdomoni, akafumba macho kama mwonja divai.

"Haya, hayana chumvi nyingi," alikiri. "Lakini kuna kitu. Kuna ladha fulani. Umetia nini humu?"

"Miguu," alisema Leuntje. "Nimeloweka miguu yangu tangu asubuhi. Nina sugu."

Kicheko chake kilisikika mpaka kanisani. Krijn alirudi kwao kusukutua mdomo, akiwa na hakika zaidi kwamba yule mwanamke ni hatari. Akaipigia simu Bodi ya Maji akadai waje wapime mtaro wa jirani yake mara moja, kabla hajaharibu kijiji kizima.

Aliyekuja alikuwa binti mmoja, Jorien Francke, mtaalamu wa maji ya ardhini, mwenye fimbo ndefu ya kupimia chumvi na uvumilivu wa kutosha. Akaizamisha fimbo kwenye mtaro wa Leuntje, katikati ya bata.

"Matamu," alisema.

"Pima tena. Kaa mbali na bata, wanakuvuruga."

Akapima tena. Matamu. Kisha, bila kuombwa, akapita uzioni na kuizamisha fimbo kwenye mtaro wa Krijn, ule mweusi, safi, ulionyooka kama rula. Akaangalia namba. Akaipangusa fimbo, akarudia.

"Mzee Maljaars," alisema polepole, "haya unaweza kuchemshia viazi bila kutia kitu."

Krijn alicheka, kwa sababu alidhani ni utani. Alipoona binti hacheki akashuka kwa ngazi, akaonja mwenyewe. Akaonja tena.

"Chini ya miguu yetu kuna maji ya bahari," Jorien alimwelezea kutoka juu. "Yapo tangu zamani. Maji ya mvua yanaelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi, na maharage yanakunywa hayo ya juu. Sasa bahari imepanda. Inasukuma chini ya tuta kwa nguvu kuliko zamani, na maji yake yanatafuta pa kutokea."

"Yanatokea wapi?"

Jorien alimtazama yule mzee chini ya shimo lake, akamhurumia.

"Kwa mwenye mtaro mrefu kwenda chini kuliko wote. Kila ukichimba, maji ya mvua yanakukimbia, yanakwenda kwenye pampu, yanatupwa baharini. Yanayopanda kushika nafasi yake ni ya chumvi."

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa..."

"Unatoa matamu, ndiyo. Na kuyakaribisha ya bahari."

"Na huyu?" Krijn alionyesha uzio kwa kidole kilicholowa tope.

"Huyu ameyazuia ya mvua yasiondoke. Ubao wake umesaidia sana."

"Nimezuia kwa ajili ya bata," alisema Leuntje, ameshikilia uzio asianguke kwa kucheka. "Msinisingizie akili."

Hapa nataka nimtetee Krijn kidogo. Koudedijk tumelelewa hivi: maji mazuri ni yale yanayoondoka. Tumefundishwa na bibi, na mwalimu, na mabaka ya mafuriko kwenye ukuta wa kanisa. Kumwambia mtu wa kwetu ayaweke maji karibu na nyumba ni sawa na kumwambia mwoka mikate afuge panya. Krijn alisema hapana. Alisema binti yule bado mdogo, fimbo yake mbovu, na bahari haiwezi kupita chini ya tuta kwa sababu tuta ni la serikali.

Pieternella hakubishana naye. Alichukua futi kamba, akaanza kupima samani. Alipima meza. Alipima kitanda. Jioni, wakiwa wanakula, alisema kana kwamba anazungumza na chumvi ya mezani, "Hili kabati halitaingia kwenye lifti."

Krijn aliposikia neno lifti, uma ulimponyoka. Akatoka nje. Nusu ya maharage ilikuwa imekauka, na yaliyobaki yalikuwa yamesimama kwa aibu, rangi ya njano, kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Akayatazama, akautazama mtaro wake mzuri, moyo ukamuuma kweli. Kisha akaenda kubisha hodi kwa Leuntje.

"Jirani," alisema, "lile kabati lako lilikuwa na milango mingapi?"

"Miwili."

"Na ule wa pili?"

"Upo bandani. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mtu anayekuja kuuliza tu habari za mlango wa kabati. Sema."

"Naomba," alisema Krijn, na neno lilimtoka kwa shida kama jino, "naomba uniazime."

"Sikusikia vizuri. Sugu hizi zinanifikia masikioni."

"Naomba uniazime mlango wako, Leuntje!"

"Chukua, mpenzi. Lakini bata wangu wataogelea na kwako."

Ndivyo mlango wa pili wa kabati ulivyozamishwa kwenye mtaro uliokuwa fahari ya kisiwa kizima. Jorien alileta kibali cha ubao na onyo: chini kusiguswe, hata robo ya sepeto. Pieternella hakumwamini mumewe hata kidogo. Alikusanya mafyeko yote, sepeto zote, reki na hata ule ufagio, akavipeleka kwenye banda la Leuntje, akafunga kwa kufuli. Tukawa tunamwona Krijn akitembea kando ya mtaro wake mikono nyuma, bata wakimfuata, matete yakiota mbele ya macho yake. Mara moja alikutwa amejilaza kifudifudi aking'oa magugu kwa kijiko cha supu. Pieternella alikichukua na kijiko.

Mvua ya mwezi wa saba ikanyesha, ikabaki. Maji yalipanda nyuma ya mlango, yakazama taratibu ardhini, yakaisukuma chumvi chini. Maharage yakatoa majani mapya. Yakatoa maua. Krijn alimhesabia Pieternella maua hayo kila asubuhi akikosea kwa makusudi, akizidisha.

Halafu mwezi wa nane ikaja ile dhoruba. Upepo wa kaskazini-magharibi uliisukuma bahari mpaka kwenye malango ya kutolea maji, na mvua ikamwagika kama imelipwa. Zamani maji ya bahari yakipwa, malango yalifunguliwa, na mitaro ikajimwaga yenyewe. Siku hizi bahari haishuki vizuri; malango yakabaki yamefungwa, pampu zikabaki zinahangaika peke yake, na kufika saa ya chai mtaro wa Krijn ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, maji yakianza kutambaa kuelekea maharage. Nayo maharage, kwa kudeka kwake, yakizama pia yanakufa.

"Toa mlango!" alipiga kelele Pieternella kutoka barazani.

"Juzi mlisema nisitoe!"

"Juzi haikuwa leo! Toa!"

Krijn akaingia maji ya kifua. Mlango ulikuwa umevimba, hautoki. Akauvuta, akautukana, akausihi. Leuntje akaja na kitambaa cha plastiki kichwani, akalala kwa tumbo ukingoni, akashika upande wa juu na kuung'ang'ania kwa uzito wake wote, ambao si haba. Mlango ukachomoka ghafla. Leuntje akabingiria kwenye nyanya. Krijn akajikuta ameketi juu ya mlango, na maji yote ya mtaro yakiondoka kwa mkupuo mmoja, na yeye akiwa abiria.

Alipita bustani ya Leuntje, akapita ya mwalimu, akapita ya Marinus Minderhoud. Marinus alikuwa dirishani anakunywa kahawa na bolus, ile mikate mitamu yetu ya mdalasini. Alimwona Krijn Maljaars akipita mbele yake ameketi wima kwenye mlango wa kabati, bata wawili nyuma. Marinus akainua kikombe. Krijn, ambaye ni mtu wa adabu, akavua kofia.

Alikwama darajani. Alirudi kwa miguu, mlango mgongoni, mvua ikimpiga. Maharage yalikuwa yamelowa lakini yamesimama. Na hapa ndipo Pieternella, aliyekuwa barazani, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu waoane: kabla ya kwenda kuvua nguo mbichi, kabla ya kahawa, Krijn alisimama ukingoni akaangalia maji yanavyopungua. Yalipofika usawa wa kati akashuka, akaurudisha mlango mahali pake, akaugonga kwa ngumi ukae. Hakuna aliyemwambia. Pieternella aliingia ndani kuchemsha maji ya kuoga.

Siku ya ukaguzi Marinus alifika na koti lake la mvua na vigingi vyake. Alisimama mbele ya mtaro wa Krijn. Matete yalimfika begani. Chura akaruka.

"Krijn," alisema, "unaumwa?"

"Mzima."

"Ni Pieternella?"

"Mzima pia. Yuko jikoni."

"Mbona basi... ubao nimeambiwa una kibali. Lakini matete hayana kibali, Krijn. Nifanye nini mimi?"

"Fanya kazi yako."

Marinus alitazama kulia na kushoto. "Nitakichomeka kule nyuma ya banda. Hakuna atakayekiona."

"Kanuni inasema mbele."

"Krijn, tafadhali."

"Mbele, Marinus. Nimeuacha hivi mwenyewe. Maharage ya mke wangu yanakunywa hapa."

Nyundo ya mkaguzi ikawa inakosa, ikabidi Krijn amshikie kigingi. Wakakigongomea pamoja, mbele ya nyumba, saa ambayo watoto wanatoka shule na wote wanapita. Kisha Marinus akapenga kamasi, akaondoka bila kupiga picha.

Nyumbani kwa Maljaars siku ya ukaguzi haijawahi kupikwa kitu kingine zaidi ya maharage, na nyama ya nguruwe ya kukaanga, na asali nyeusi ya miwa juu yake. Leuntje alikuwa amealikwa. Krijn aliketi mahali pake, mikono mapajani, akaitazama sufuria iliyofunikwa. Alijua hesabu. Alikuwa ameyapura mwenyewe: yote pamoja yalikuwa ya kujaza sufuria moja, basi. Ukiyapika, umemaliza. Pieternella angekula maharage ya mama yake kwa mara ya mwisho, angejifuta mdomo, angempigia simu Maaike.  Alisikia harufu ya nyama inayokaangwa na, kwa mara ya kwanza maishani, haikumfurahisha.

Pieternella akaja, akafunua sufuria. Viazi.

"We Pieternella," alisema Leuntje, ambaye tumbo lake lilikuwa limejiandaa tangu asubuhi, "maharage yako wapi?"

"Ya kupanda hayo," alisema Pieternella akipakua. "Mwakani nataka safu mbili zaidi, upande wa mtaro."

"Na Maaike?" aliuliza Krijn kwa sauti ndogo.

"Nimempigia. Nimemwambia ile fleti ampe mtu anayependa lifti."

 Krijn akasukuma sahani yake mbele aongezewe viazi.